Makoti Hayapelekwi Mombasa: Kujifunza Sayansi Upya Kabla ya Chuo cha Udaktari

Jumanne iliyopita mama alirudi kutoka kliniki ya kisukari akiwa ameshika kadi yake, akaketi kwenye kochi kabla hata ya kuvua viatu, akaniuliza swali ambalo miaka mitatu iliyopita ningelijibu kwa maneno ya kukariri. Alitaka kujua imekuwaje daktari, kwa damu kidogo iliyotolewa asubuhi hiyo, akaweza kumwambia kwamba sukari yake imekuwa juu kwa muda mrefu, ilhali kwa wiki mbili nzima kabla ya siku ya kliniki alikuwa amejinyima chapati na soda, na mashine yake ya nyumbani ilikuwa ikionyesha namba za kuridhisha.

Nilimweleza hivi. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Sukari iliyomo katika damu hujinata kwenye protini hiyo polepole, bila kuhitaji kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi, cha kuisaidia, na ikishashika vizuri haibanduki kirahisi mpaka chembe yenyewe ife, na chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120. Kwa hiyo anayepima kiasi cha himoglobini iliyonatwa na sukari, yaani kile ambacho wagonjwa hukiita kipimo cha miezi mitatu, anasoma mambo yaliyopita katika muda huo wote. Mama alinyamaza, akavua kitambaa kichwani, akasema, "Kumbe damu ina daftari la madeni. Mimi nilidhani nikilipa wiki ya mwisho wataona nimelipa yote."

Mama ameuza nguo za mitumba Gikomba kwa miaka 22, na sijapata kusikia maelezo ya kipimo hicho yanayoyashinda hayo yake, hata katika vitabu vya biokemia nilivyonunua kwa pesa nyingi. Ninaanza na kisa hiki kwa sababu tangu nirudi kutoka Marekani, vijana kadhaa wa hapa Umoja, Nairobi, na baadhi ya niliosoma nao wamekuwa wakiniuliza mtu mwenye shahada ya uhasibu anajiandaaje kwa udaktari, na jibu langu linaanzia hapo kwa mama: ni kuisoma sayansi mpaka uweze kuieleza kwa Kiswahili kwa mtu anayekupenda lakini asiyekubali kuridhishwa na maneno matupu.

Historia yangu ni fupi. Nilipata kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, kupitia bahati nasibu ya viza nikiwa na miaka 20, nikapokewa na mama mdogo huko Lowell, katika jimbo la Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unga wa ugali na majani ya chai hupatikana bila kuhangaika. Nikasomea uhasibu katika chuo kikuu cha umma cha huko, nikaajiriwa katika ofisi ya bima, nikafanya kazi miaka minne. Kisha nikarudi darasani miaka miwili kusoma sayansi ambazo shahada yangu haikuwa nazo. Mwezi Juni nilituma maombi ya kujiunga na chuo cha udaktari, na sasa niko Nairobi hadi mwanzoni mwa Desemba nikimwangalia mama huku nikisubiri majibu.

Utaratibu wa Marekani hauko kama wetu, na wengi wanaoniuliza hawajalitambua hilo. Hapa Kenya, kijana aliyefaulu vizuri katika Kidato cha Nne, hasa katika biolojia na kemia, hupangiwa shahada ya udaktari moja kwa moja kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, akaisoma kwa miaka sita, kisha akafanya uanagenzi hospitalini. Marekani mtu husoma kwanza shahada yoyote aitakayo, ndipo aingie chuo cha udaktari kwa miaka minne, na baada ya hapo mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu hadi saba kutegemea tawi analolichagua. Shahada hiyo ya kwanza inaweza kuwa ya historia au ya muziki, alimradi ndani yake au baada yake mtu awe amesoma masomo fulani ya sayansi: kwa kawaida mwaka mmoja wa biolojia, mwaka mmoja wa kemia ya jumla, mwaka mmoja wa kemia ogania, yaani kemia ya kaboni, na mwaka mmoja wa fizikia, yote pamoja na maabara, kisha muhula wa biokemia, na katika vyuo vingi takwimu, saikolojia au sosholojia. Aliyemaliza shahada bila masomo hayo huyasoma baadaye, na huko ndiko ziliko programu za sayansi za baada ya shahada.

Programu hizo ni za aina mbili, na mtu akikosea aina atapoteza mwaka na pesa. Ya kwanza ni ya wanaobadilisha kazi, ambao hawajawahi kuyasoma masomo hayo. Vyuo vya Bryn Mawr na Goucher vinajulikana sana kwa aina hii, na hufundisha yote kwa takriban mwaka mmoja wa kasi kubwa. Ya pili ni ya waliokwisha kuyasoma lakini wakapata alama dhaifu, ambao sasa wanahitaji kuonyesha kwamba wamebadilika. Baadhi ya programu zina makubaliano na vyuo fulani vya udaktari, hata mwanafunzi anayefanya vizuri huingia bila kukaa ule mwaka mzima wa kusubiri ambao mimi ninaukaa sasa. Sikuwa na uwezo wa kulipia programu za namna hiyo. Nilijipangia masomo yangu mwenyewe, somo baada ya somo, katika chuo kikuu cha umma, na sijutii, ingawa ilinibidi kufuatilia kila sharti mwenyewe bila mshauri.

Masharti haya yana chimbuko lake, na mimi nilijifunza mengi kwa kulitafuta. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alichapisha kwa niaba ya wakfu wa Carnegie ripoti kuhusu vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada, akionyesha kwamba vingi vilipokea wanafunzi wasio na msingi wowote wa sayansi na kuwafundisha bila maabara. Ripoti hiyo ilisaidia kuleta kanuni kwamba kemia, biolojia na fizikia zitangulie udaktari. Ilikuwa na madhara pia: kati ya vyuo saba vya udaktari vya Wamarekani weusi, vitano vilifungwa, vikabaki Howard na Meharry tu. Kila nilipoingia maabara nilikumbuka mambo hayo mawili kwa pamoja, kwamba sharti hili ni la haki kwa mgonjwa, na kwamba liliwahi kuwafungia mlango watu wanaofanana na mimi.

Kabla sijaendelea, nitoe tahadhari kwa wenye shahada za hapa nyumbani, kwa kuwa ninaona watu wakijiandaa kuuza mashamba kwa ajili ya jambo ambalo hawajaulizia vizuri. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani hudai shahada au kiasi kikubwa cha masomo yaliyosomewa Marekani au Kanada. Vingine hudai uwe umesoma huko angalau masomo yote ya sayansi. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi, hauhesabu alama za chuo cha nje katika wastani wako. Mtu mwenye viza ya mwanafunzi, asiye na kadi ya kijani wala uraia, hukuta kwamba vyuo vinavyompokea ni vichache, na baadhi ya hivyo humtaka aonyeshe au aweke mapema fedha za miaka yote minne. Kama wewe uko Nairobi na unataka tu kuwa daktari, na si lazima uwe daktari wa Marekani, tafadhali anza kwa kuuliza vyuo vikuu vya hapa kuhusu nafasi za wenye shahada, kabla ya kumlipa wakala yeyote anayekuahidi Boston.

Sasa nirudi kwenye masomo yenyewe. Mtihani wangu wa kwanza wa kemia ya jumla nilipata alama 61 kwa 100. Nililia ndani ya gari la mama mdogo kwenye maegesho, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwa bidii ileile iliyonipa A ya kemia katika sekondari. Nilikuwa na daftari lenye rangi nne, kila kanuni imepigiwa mstari, na niliweza kuzitaja zote. Profesa aliponiita ofisini alichora mizani ya asidi na besi, akaniuliza ni kwa nini, tukiongeza asidi upande huu, mmenyuko, yaani kule kubadilika kwa kemikali zinapokutana, unaelekea upande ule. Nikamtajia kanuni. Akasema kanuni anaijua, yeye aliuliza kwa nini. Nilikaa kimya mpaka nikaona aibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Tangu Kidato cha Kwanza nilikuwa nikifaulu kwa kumbukumbu.

Usiku huo nilimpigia mama simu, na badala ya kumsimulia masikitiko yangu nilijaribu kumweleza lile swali. Tulipokuwa wadogo kulikuwa na kijana wa ploti ya jirani, mchezaji wa mpira, ambaye siku moja alionekana amekaa kwenye ngazi akihema kwa nguvu na kwa kina kana kwamba ametoka mbioni, ilhali hakuwa amekimbia. Watu walisema ni pumu, wengine wakasema ni mambo mengine, na ilikuwa jioni ya siku ya pili alipopelekwa hospitalini na kugunduliwa kuwa ana kisukari. Alitibiwa akapata nafuu. Mama aliniuliza kwenye simu, "Sasa hiyo asidi yako ndiyo ile iliyomfanya aheme?" Alikuwa amesikia neno hilo siku ile wodini, akalihifadhi miaka yote.

Ndiyo, ilikuwa ndiyo hiyo, na ili nimjibu ilinilazimu kulielewa jambo lote. Mwili usipokuwa na insulini hushindwa kuitumia sukari, ukageukia mafuta, na mafuta yakichomwa kwa wingi hivyo huacha asidi katika damu. Damu haivumilii mabadiliko. Kipimo chake cha pH, yaani cha kiasi cha asidi, hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Ndani yake mna bikaboneti, ambayo huidaka ile asidi, na zao la kukutana kwao ni maji na hewa ya kaboni. Hewa hiyo hutoka kwa mapafu. Kwa hiyo yule kijana alikuwa akiitoa asidi mwilini mwake kwa kuhema, pumzi moja baada ya nyingine, na hakuna aliyejua kwamba mapafu yake yalikuwa mazima kabisa. Nilipomaliza kueleza, lile swali la profesa lilikuwa limejijibu: ukiongeza asidi, chembe zake hukutana na bikaboneti mara nyingi zaidi, hewa ya kaboni ikazidi kutengenezwa, na mapafu yasipoitoa, vyote hubaki vimejazana. Sikulala kwa furaha. Mtihani uliofuata nilipata 88.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumapili, mama akiwa amepumzika kutoka sokoni, nilimpigia na kumweleza jambo moja la wiki hiyo, kwa Kiswahili, bila kutumia neno ambalo sikuweza kulifafanua. Maneno mengine sikuyajua, kwa sababu sisi wa Kenya husomeshwa sayansi kwa Kiingereza shuleni, na ilinibidi niyatafute katika kamusi: kimeng'enya, mmenyuko, kiini. Kutafuta neno kulinilazimisha kuuliza kitu chenyewe ni nini hasa. Kemia ogania, somo linalowatoa wengi njiani, niliingia nikiwa nimeambiwa kwamba ni mamia ya mimenyuko ya kukariri. Nilimweleza mama kwamba karibu yote huongozwa na jambo moja, kwamba elektroni hutoka pale zilipo nyingi kwenda pale zinapokosekana, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuchora mishale inayoonyesha safari hiyo. Akasema, "Hilo mbona hata mimi nalijua. Ukifungua bale ya makoti huyapeleki Mombasa, unayapeleka Limuru." Niliiandika sentensi hiyo kwenye karatasi, nikaibandika juu ya meza yangu, na ilikaa hapo miaka yote miwili. Nikikwama kwenye swali nilijiuliza: ni nani hapa mwenye makoti, na baridi iko wapi?

Kuhusu ratiba nitasema machache, kwa maana kila mtu ana mzigo wake. Niliacha kazi ya bima nikafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika makao yao usiku, kuanzia saa tano hadi saa moja asubuhi, kazi ambayo Wakenya wengi wa huko wanaifahamu. Muhula wa kwanza nilifanya usiku nne kwa wiki na nusura niharibu kila kitu. Muhula wa pili nikapunguza hadi usiku mbili, nikala chakula duni zaidi na kupata alama bora zaidi. Kazi hiyo ilinifundisha ambacho maabara haikunifundisha. Kumwogesha mzee wa miaka 90 aliyekuwa mwalimu wa hisabati, akakusahihisha unavyohesabu vidonge vyake, ni jambo linalobaki na mtu. Vyuo pia hutaka kuona kwamba umewahi kukaa karibu na wagonjwa, na nadhani wana haki kutaka hivyo.

Mtihani wa MCAT, ule wa kuingilia vyuo vya udaktari vya Marekani, nilitenga miezi minne kuuandalia. Una maswali 230, na ukihesabu mapumziko huchukua saa saba na nusu hivi. Alama zake huanzia 472 hadi 528. Sehemu tatu ni za sayansi, na ya nne ni ya kusoma vifungu na kuvichambua, maswali 53 kwa dakika 90, bila kuhitaji maarifa yoyote ya awali. Sehemu hiyo huwaogopesha wenye shahada za sayansi, lakini aliyefundishwa ufahamu na mwalimu mkali wa Kiswahili anaijua tayari: jibu litoke katika kifungu, lisitoke kichwani mwako. Mwalimu wangu wa Kidato cha Tatu alikuwa akitukata alama kwa kosa hilo bila huruma, na sasa ninamwombea heri.

Fedha ni jambo la kuliangalia kwa macho makavu. Mkopo wa serikali ya Marekani kwa masomo ya maandalizi, kwa anayestahili, hutolewa kwa miezi 12 tu, kwa hiyo mwaka wangu wa pili niliulipa kwa mshahara wa usiku. Kwa chuo cha udaktari chenyewe, kuanzia Julai 2026 wakopaji wapya wamewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla katika mikopo ya serikali, na vyuo vingine vinagharimu zaidi ya hapo. Nilipochagua vyuo vya kuomba, nilianza na vya umma vya jimbo ninaloishi, na viwili nilivifuta kwenye orodha kwa sababu ya bei peke yake. Mpaka leo nimepata mwaliko mmoja wa usaili. Utafanyika kwa video saa nne asubuhi ya kule, ambayo hapa ni saa kumi na moja jioni, na nimekwisha zungumza na jirani mwenye jenereta, kwa kuwa umeme wa mtaa huu hukatika bila taarifa.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, binti wa kaka, alikuja kulala kwetu. Ni mtahiniwa wa Kidato cha Nne na anaogopa karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo ya saa mbili na robo. Bureti, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, hatuna. Tukanunua sirinji mpya ya mililita 5 kwenye duka la dawa, tukayeyusha magadi kidogo katika maji, yale yale anayotumia mama kulainisha maharagwe, tukakoroga humo unga wa manjano, na maji yakageuka mekundu kama damu iliyokauka. Tukakamua limau, tukalichuja kwa kitambaa, tukalivuta ndani ya sirinji, naye akaanza kudondosha tone kwa tone huku mimi nikitikisa glasi. Kila tone lilipoanguka lilifanya doa la njano lililofutika, na viputo vidogo vikapanda juu.

"Shangazi, rangi imebadilika ama bado?"

Nikamwambia atazame mwenyewe, aongeze nusu tone. Akaongeza, na glasi nzima ikawa ya njano. Akaandika mililita 3.6, tukamwaga, tukaanza upya, akapata 3.4. Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alikuwa ametuangalia muda wote. Akauliza vile viputo ni vya nini. Nikamwacha mpwa wangu ajibu, naye akafikiri kwa muda mrefu, kalamu mdomoni, kisha akasema kwamba magadi yana bikaboneti, asidi ya limau inaidaka... akajisahihisha, bikaboneti ndiyo inayoidaka asidi, na hewa ya kaboni inatoka.

"Ile ya yule kijana wa ngazini," mama akasema, akaendelea kuchambua sukuma yake.

Mpwa wangu hakumjua kijana huyo, alikuwa hajazaliwa. Akaniangalia, nikamwambia nitamsimulia tukimaliza, na akaivuta sirinji kwa mara ya tatu.